Thamostati imegomea ruta mpya: kabla hujanunua nyingine

"Thamostati yangu ya kisasa, kile kidhibiti cha joto la nyumba cha ukutani, ilifanya kazi vizuri kwa karibu miaka miwili. Wiki tatu zilizopita kampuni ya intaneti ilinibadilishia ruta. Ruta mpya niliipa jina lilelile na nenosiri lilelile ili vifaa vyote virudi vyenyewe. Simu, televisheni na kompyuta zimerudi bila shida, thamostati imegoma. Wakati mwingine jina la waifai halionekani kabisa kwenye orodha yake. Likionekana naandika nenosiri, inazunguka dakika nzima, halafu inasema imeshindwa. Mara mbili iliunganika, ikakaa kama saa moja, ikakatika. Nikisimama na simu palepale ukutani, waifai imejaa. Nimeizima na kuiwasha mara nyingi, nikairudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, na sasa hata ratiba yangu imepotea. Nyuma yake kuna waya nne. Je, imekufa? Ninunue nyingine, au ninunue kiongeza mawimbi?"

Ndugu msomaji, tuanze na swali lako la mwisho maana ndilo linalogusa mfuko: usinunue kitu bado. Thamostati ambayo waifai yake imekufa haiunganiki hata mara moja. Yako imeunganika mara mbili, na hilo limeshatuambia kwamba redio yake ni nzima, nenosiri unaloandika ni sahihi, na ruta haijaikataa kabisa. Tatizo lako ni la kuja na kuondoka. Kwenye thamostati, matatizo ya namna hiyo hutoka sehemu mbili: namna ruta inavyogawa mawimbi yake, na umeme unaoifikia thamostati yenyewe. Kwa dalili ulizotaja, nashuku unayo yote mawili, na moja limezaa jingine.

Wala usiwe na presha. Thamostati bila waifai bado ni thamostati. Inapima joto kwa kihisi chake, inafunga na kufungua swichi ndogo ndani yake, na mtambo wa joto au ubaridi unawaka au unazima. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayopita kwenye intaneti. Unachokosa kwa sasa ni kuiongoza kwa simu, taarifa za hali ya hewa na masasisho. Iweke nyuzijoto unazotaka kwa mkono, kisha tufanye kazi bila haraka.

Ushauri wa kuipa ruta mpya jina na nenosiri la zamani umeenea, na kwa simu na televisheni unafaa. Lakini jina ni kibao cha mlangoni na nenosiri ni ufunguo. Nyumba iliyo nyuma ya mlango huo ni nyingine. Huenda ruta ya zamani ilirusha mawimbi ya GHz 2.4 kwa jina moja na ya GHz 5 kwa jina jingine (hayo ni masafa mawili ya waifai), au ilirusha ya 2.4 peke yake. Ruta nyingi za sasa hurusha yote mawili kwa jina moja. Thamostati nyingi, kwa upande wake, zina redio ya 2.4 tu, kwa sababu mawimbi hayo hupenya kuta vizuri zaidi na chipu zake ni za bei nafuu. Soma boksi au kijitabu chake: ukikuta imeandikwa 802.11 b/g/n bila "a" wala "ac", hiyo ni ya 2.4 pekee.

Utawasikia watu wakisema kwamba majina yakifanana thamostati inachanganyikiwa. Si hivyo. Redio ya 2.4 haisikii mawimbi ya 5 hata kidogo, na huwezi kuchanganywa na sauti usiyoisikia. Mkorofi hapa ni ruta. Ina kazi moja ambayo kwenye mipangilio huandikwa "Band Steering" au "Smart Connect", ya kuvisukuma vifaa vihamie kwenye 5. Kifaa kikiita kwenye 2.4, ruta hujifanya haikusikia kwa muda, ikitumaini kitaita tena kwenye 5. Simu yako inafanya hivyohivyo na maisha yanaendelea. Thamostati haina pa kuhamia. Inaita, inanyamaziwa, inaita tena, mwisho inakuonyesha orodha yenye majina ya majirani bila jina la kwako. Jaribu tena baada ya dakika kumi, ruta ikiwa imelegea, na jina linajitokeza. Dalili yako ya kwanza inafanana sana na hiyo.

Kipo chanzo kingine cha dalili hiyohiyo ambacho hakitajwi sana, nacho ni chaneli, yaani vijia vidogo ndani ya masafa hayo. Katika nchi nyingi masafa ya 2.4 yana chaneli 1 hadi 13, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Amerika Kaskazini kwa kawaida huishia 11. Ruta iliyoachiwa ijichagulie inaweza kuwa kwenye 6 leo na kuamkia 13 kesho kwa sababu majirani wamejazana kwenye 6. Thamostati isiyosikiliza 13 italipoteza jina siku hiyo, huku simu zote za nyumbani zikiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Na ile waifai "imejaa" kwenye simu yako isikudanganye. Simu pale ukutani pengine iko kwenye 5. Tena vile vimistari vinaonyesha jinsi simu inavyoisikia ruta. Havisemi lolote kuhusu jinsi ruta inavyoisikia thamostati, ambayo antena yake mara nyingi ni mchirizi wa shaba juu ya ubao wa saketi, na mgongo wake umebanwa ukutani penye waya na pengine boksi la chuma. Tafuta namba ya thamostati yenyewe. Nyingi zina ukurasa wa mtandao kwenye mipangilio unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba hiyo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -50 ni nzuri sana, -65 inatosha, -75 ni ya kubahatisha, -80 ni kusumbuana tu. Kila ukishuka kwa 10, nguvu inayobaki ni sehemu moja ya kumi, kwa hiyo -80 ni sehemu moja ya mia ya -60, si pungufu kidogo kama inavyoonekana kwa macho.

Sasa tuje kwenye ile "kama saa moja". Laiti ningejua ilikatika saa ngapi hasa, maana hapo njia zinagawanyika. Ruta nyingi hubadilisha ufunguo wa pamoja wa mtandao kila baada ya sekunde 3600. Kifaa kizima kinapokea ufunguo mpya bila wewe kujua. Lakini ruta mpya mara nyingi huja ikiwa kwenye usalama wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, viwango viwili vya kuilinda waifai. WPA2 ni ya mwaka 2004 na WPA3 ni ya 2018, na zipo chipu ambazo huingia kwenye mchanganyiko huo bila shida, kisha zikajikwaa wakati wa kubadilisha ufunguo na kutupwa nje. (Ruta ingekuwa kwenye WPA3 pekee, thamostati isiyoijua WPA3 isingeingia hata mara moja, kwa hiyo hilo liondoe kichwani.) Ingia kwenye kumbukumbu za ruta uangalie saa ya kuingia na ya kutoka. Kama nyakati mbili za kutoka zimeangukia dakika ileile ya saa, mshukiwa ni usalama. Kama hazina mpangilio huo, geukia umeme.

Na umeme, kusema kweli, ningeuangalia kwanza hata kabla ya kuigusa ruta. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba umepataja mwenyewe: waya nne. Kwenye mitambo ya volti 24, R huleta umeme kutoka kwenye transfoma, W huita joto, Y huita ubaridi na G huwasha feni. Hizo ni nne tayari. Wa tano ni C, ambao unakamilisha mzunguko kurudi kwenye transfoma ili thamostati ipate umeme wake muda wote, mtambo uwe umewaka au umezima. Usipokuwepo, thamostati hujichotea umeme kupitia W au Y, kidogo kidogo ili isiuwashe mtambo kwa bahati mbaya, na kuuhifadhi kwenye betri ya ndani. Ni ndoo inayojazwa kwa matone. Waifai haichoti kwa matone: chipu ya kawaida inaporusha inaweza kutaka miliampea 200 au zaidi kwa mpigo mmoja. Siku za amani inarusha kidogo, inalala, na ndoo inatosha. Lakini kwa wiki tatu hizi imekuwa ikiitafuta ruta, ikishindwa na kurudia, na kila ulipoijaribu skrini ilikaa inawaka dakika kadhaa. Betri ikishuka mno, programu ya ndani inazima waifai kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni joto. Betri ikipanda kidogo, waifai inarudi, inaunganika, inakaa saa moja, inazimwa tena.

Ndiyo maana nilisema tatizo moja huenda limezaa jingine. Ukirekebisha ruta leo huku betri ikiwa chini, thamostati itakatika tena jioni, nawe utaamini kwamba marekebisho hayakufaa kitu.

Kwanza ihakikishe ile C. Zima swichi ya mtambo kwenye boksi kuu la umeme, vuta uso wa thamostati kutoka kwenye kitako chake, usome herufi kwenye matundu ya waya. Usihesabu waya tu na wala usiamini rangi, maana aliyefunga huenda alitumia rangi aliyokuwa nayo mkononi. Kama mmoja kati ya hizo nne umeingia kwenye C, nadharia yangu ya umeme inadhoofika sana. Kama hakuna kwenye C, chungulia ndani ya tundu la ukutani: mara nyingi kuna waya wa ziada umekunjwa nyuma, haujavuliwa ganda, ulioachwa tu na fundi wa kwanza. Huo ni bahati yako, tutaurudia. Piga picha kila kitu kabla ya kurudisha uso.

Hapa nikukatize kwa jambo la usalama. Ukifungua na kukuta waya nene, zilizounganishwa kwa vifuniko vya kusokota, au matundu yaliyoandikwa L na N, au onyo la volti 110 hadi 240, rudisha uso polepole na uache. Huo si umeme wa volti 24, na yote niliyosema kuhusu C hayahusu mtambo wako.

Sasa betri. Kwenye thamostati zenye betri ya ndani ya lithiamu, mipangilio ya kiufundi huwa na ukurasa wa umeme unaoonyesha volti. Ikiwa 3.8 au zaidi, hali ni nzuri, ikikaribia 3.6 au kushuka chini yake, tarajia waifai kuzimwa. Baadhi zina tundu dogo la USB mgongoni: ivue ukutani, ichaji kwa chaja ya simu saa mbili au tatu, irudishe. Kama yako inatumia betri za kawaida za AA, badilisha zote kwa pamoja, za alkalaini, mpya, za aina moja. Usiweke zile za kuchaji zenye volti 1.2, kwani thamostati iliyopangwa kwa 1.5 inaziona zimekaribia kuisha tangu siku ya kwanza.

Betri ikishajaa, fanya jaribio ambalo litamaliza ubishi wote. Chukua simu ya pili, iwe karibu mita moja kutoka thamostati, uwashe hotspoti. Kwenye Android nyingi chagua masafa ya 2.4 ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone washa "Maximize Compatibility". Ipe jina fupi la herufi na namba tupu, na nenosiri la herufi nane au zaidi, bila nafasi wala alama. Unganisha thamostati na hotspoti hiyo kwa kutumia simu yako ya kwanza, uiache saa mbili, simu ya pili ikiwa kwenye chaja. Ikikaa bila kukatika, thamostati ni nzima na kosa liko kwenye ruta. Ikikatika hata hapo, betri ikiwa imejaa na ruta ikiwa nje ya hesabu, umeme au thamostati yenyewe ndiyo yenye neno la kujibu. Jaribio hili halina gharama, na kabla ya kulifanya kila ununuzi ni kamari.

Tuseme imekaa. Nenda kwenye ruta. Fungua kivinjari kwenye kompyuta, uandike anwani iliyo kwenye kibandiko chini ya ruta, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, uingie kwa nenosiri la msimamizi, ambalo si lile la waifai. Usiushushe usalama wa nyumba nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Tengeneza mtandao wa pembeni wa 2.4 peke yake. Ruta nyingi zina sehemu ya mtandao wa vifaa vya nyumbani au angalau wa wageni. Upe jina lake tofauti, usalama uwe WPA2 na AES (njia ya kuficha data), upana wa chaneli uwe MHz 20 na siyo 40, na chaneli uichague mwenyewe kati ya 1, 6 na 11, ambazo hazikanyagani. Usichague TKIP, njia ya zamani ya kuficha data: ni dhaifu, na kasi ya waifai hushuka hadi ya zamani. Kama ruta ina swichi ya kulazimisha ulinzi wa fremu za usimamizi ("Protected Management Frames" au PMF), kwenye mtandao huu iwe "si lazima" au izimwe.

Ukitumia mtandao wa wageni, hakikisha hauna ukurasa wa kukubali masharti, kwa sababu thamostati haina kidole cha kubofya "nakubali". Mtandao wa wageni pia hutenganisha vifaa visionane. Kwa thamostati inayopitia seva za kampuni yake hilo si tatizo, amri ya simu inazunguka nje na kurudi. Kwa ile inayozungumza na simu moja kwa moja ndani ya nyumba, kama zinavyofanya za mifumo ya nyumba janja ya HomeKit au Matter, utengano huo utakata mawasiliano.

Ruta nyingine za kampuni za intaneti zimefungiwa, haziruhusu kutenganisha mawimbi wala kuzima kule kusukuma. Hapo una njia mbili: kupiga simu kwa kampuni na kuomba wakutenganishie 2.4 na 5 wakiwa huko kwao, jambo ambalo wengi wanaweza, au kuchomeka ruta yako ndogo ya zamani kwenye ruta mpya kwa waya, ikawa mlango wa vifaa vya nyumbani tu.

Kabla ya kuunganisha tena, iandae simu nayo, kwa sababu "imeshindwa" nyingi za wakati wa kuunganisha hutoka humo. Thamostati nyingi wakati wa kuunganishwa hurusha waifai yao ndogo ya muda, na simu inajiunga nayo ili kuikabidhi jina na nenosiri. Simu ikigundua kuwa waifai hiyo haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini na makabidhiano yanakatika katikati. Kwa hiyo zima data kwa dakika tano, zima VPN, washa Bluetooth, na uiruhusu programu ya thamostati kutumia mahali ulipo kwenye Android na mtandao wa ndani kwenye iPhone. Iunganishe simu kwenye ule mtandao mpya wa 2.4, kwa sababu programu nyingine huchukua jina la mtandao ambao simu iko ndani yake. Thamostati ikiwa bado imeandikishwa kwenye akaunti yako kwa maisha yake ya zamani, ifute kwanza.

Kuhusu kurudisha mipangilio ya kiwandani, usirudie tena. Umepoteza ratiba, lakini ratiba ni kitu kidogo. Kwenye thamostati nyingi hatua hiyo hufuta pia maelezo ya mtambo: kama ni tanuru la gesi au la umeme, una hatua ngapi za joto, na kama ni pampu ya joto, vali yake ya kugeuza kati ya joto na ubaridi inaamshwa kwa waya wa O au wa B. Hii ya mwisho ikiwekwa kinyume, utaomba joto na mtambo utakupa baridi. Leo hii, kabla ya kuhangaika na waifai, panda nyuzi 3 juu ya joto la chumba, subiri dakika kumi, weka mkono kwenye tundu la hewa au kwenye rejeta: iwe inatoka hewa ya moto kweli. Kisha shuka ujaribu ubaridi, ukiacha dakika tano katikati ili kompresa ipumzike.

Ikishaingia kwenye waifai lakini programu bado inasema haipo mtandaoni, angalia anwani yake kwenye ukurasa wa mtandao. Ikianza na 169.254, ruta haikuipa anwani: izime ruta kwa sekunde 30, na kama una vifaa vingi uongeze idadi ya anwani zinazogawiwa. Ikiwa na anwani ya kawaida, angalia tarehe yake. Betri iliyoisha kabisa huweza kuirudisha saa miaka mingi nyuma, na kifaa kinachodhani ni mwaka 2000 kinavikataa vyeti vya usalama vya seva kwa kuviona havijaanza kutumika. Weka tarehe kwa mkono. Na kama ni ya zamani, uliipata kwa mtu, hakikisha bado inahudumiwa: Google ilitangaza mwaka 2025 kwamba thamostati zake za Nest Learning za kizazi cha kwanza na cha pili, za mwaka 2011 na 2012, hazitadhibitiwa tena kwa programu ya simu kuanzia Oktoba 25 mwaka huo. Ukutani zinaendelea kufanya kazi; kwa mtandao hakuna ruta itakayozisaidia.

Kiongeza mawimbi kina kazi yake, na kazi hiyo inasomwa kwenye ile namba ya dBm. Iko -75 au chini zaidi? Kinafaa, na kile cha bei ya chini kabisa kinatosha kwa sababu thamostati inatuma data kidogo sana. Kiweke njiani, pale ambapo chenyewe bado kinaisikia ruta vizuri. Wengi hukichomeka chini ya thamostati, mahali palepale ambapo mawimbi yameshachoka. Lakini namba ikiwa -60 na thamostati inakatika, kiongeza mawimbi kitakuongezea jina moja zaidi la kushindwa kuingia.

Thamostati mpya nayo ina haki ya kununuliwa kama hii imeshindwa jaribio la hotspoti zaidi ya mara moja, betri ikiwa imejaa au C ikiwa imefungwa na kupimwa. Ukifikia hapo, nunua yenye redio za 2.4 na 5 na yenye WPA3. Ila usipotatua suala la C, hata hiyo mpya itaishi kwa matone yaleyale.

Kufunga C ni kazi ambayo mtu makini anaweza kuifanya kama ule waya wa ziada upo pande zote mbili, ukutani na kwenye ubao wa saketi wa mtambo. Zima umeme wa mtambo, vua ganda milimita 8 hivi, ingiza kwenye C kule na C huku, washa. Weka mita ya kupimia kwenye V yenye wimbi dogo, gusa R na C: usomaji wa karibu volti 24 ni mzuri, kati ya 20 na 30 unakubalika. Usiruhusu R na C zigusane umeme ukiwa umewaka, hata kwa nukta moja. Fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 kwenye ubao itaungua, na pasipo fyuzi hakuna joto.

Mwite fundi wa mitambo ya joto na ubaridi kama hakuna waya wa ziada na hutaki kuvuta mpya, kama kati ya R na C hakuna volti, kama fyuzi imeungua mara ya pili, kama kuna harufu ya kuungua au waya umebadilika rangi, au kama mtambo hauwaki hata kwa mkono. Mwambie moja kwa moja kwamba unataka C, au adapta ya kuongeza C kwenye waya nne, ili aje na vifaa. Usimuulize habari za WPA3, kama ambavyo mtu wa kampuni ya intaneti hutamuuliza habari za transfoma. Watu wengi huzunguka kati ya hao wawili kwa wiki nzima, kila mmoja akisema kwake kuko sawa, na wote wawili wanasema kweli.

Ikishaunganika, usiirudishe ratiba siku hiyohiyo. Iache siku mbili, uandike volti za betri na dBm asubuhi na jioni. Volti zikipanda au zikitulia, andika ratiba upya. Zikishuka kila jioni japo waifai haikatiki, bado unahitaji C.